Ng'ombe wa Gilgil na Mkia wa Dinosau

Tangu nirudi Mai Mahiu sijamimina vikombe viwili vya chai bila mtu kuniuliza, "Nyokabi, ule mnyama wako alifika?" Baadhi yenu mliniona nikiondoka, nimekaa juu ya lori kama bibi harusi, mkono umekumbatia shingo ya dude lenye miiba. Wengine mmesikia tu kwamba ng'ombe walimla njiani, na mnaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Basi nimeamua kuandika yote nibandike hapa ukutani kando ya jiko, kila mtu ajisomee akingoja chapati yake. Mimi niliishia kidato cha pili. Mkiona makosa, nisameheni, mle chapati.

Mai Mahiu

Nianze na Wambui, kwa sababu safari ilikuwa yake hata kama hakupanda lori. Wambui ni mtoto wa dada yangu Wangari, yule anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Kamere. Macho yake yalikataa kuona akiwa mdogo sana. Anasoma shule ya bweni ya watoto wasioona, upande wa Bahati, ukishapita Nakuru. Yeye husoma kwa vidole, na akisikia habari ya kitu kipya hakuambii "nionyeshe". Anakuambia "lete".

Sasa, mnamkumbuka Bwana Hemedi, dereva wa trela kutoka Tanzania, yule wa Kiswahili kitamu mpaka mnamchokoza aongee tena. Siku moja aliniachia gazeti la kwao nifungie mandazi. Sikufungia chochote. Ndani kulikuwa na picha ya mnyama wa kale mwenye kichwa kidogo kama cha mbuzi, mabamba yamesimama shingoni na mgongoni, halafu kuanzia kiunoni kwenda nyuma ni miiba mitupu, mirefu kama mikuki. Jina lake Kentrosaurus. Pamoja na silaha zote hizo, alikuwa mla majani. Nilimpenda papo hapo. Lakini gazeti lilikuwa limechanika, na mkia ulikuwa umebaki nusu.

"Huyu wa kwetu, binti yangu," Bwana Hemedi aliniambia. "Katoka Tendaguru, huko Lindi. Wajerumani walipokuja kumchimba, kabla ya ile vita ya kwanza, wenyeji walishaijua mifupa ile zamani. Wakachimba wao, wakaibeba wao vichwani hadi bandarini. Mjerumani akaandika jina." Akacheka, akapuliza chai. "Tena usidhani walimpata mzima. Mfupa wa huyu, mfupa wa yule, ndipo wakamuunga mmoja wa kusimamisha."

Hiyo hadithi nilimpa Wambui kwa simu. Yeye, ambaye huniita Tata badala ya mama mdogo, akauliza, "Mkia wake ukoje, Tata?"

"Gazeti limechanika hapo."

"Basi nitengenezee. Nitaanza kushika mkia."

Nikasema sawa, vile tu mtu humwambia mtoto sawa. Kumbe yeye aliichukua hiyo sawa akaipeleka bweni zima. Baadaye akanipigia kwa simu ya matroni, sauti imekuwa ndogo. "Tata, Brayo anasema mimi ni muongo. Anasema dinosau ni kitu cha stori, hakuna mtu anaweza kuleta moja ushike. Sasa wote wanasema, 'Wambui na stori zake.' Utakuja naye kabla tufunge shule?"

Mnaelewa? Siku ya kufunga, wazazi wanakuja, watoto wanatawanyika, mwingine Molo, mwingine Narok. Nikifika wakiwa wameenda, Wambui atakaa na hilo jina likizo nzima, na akirudi shuleni atalikuta limemngoja kitandani.

Ndiyo maana mliniona nikiokota vipande vya tairi barabarani mkasema nimeanza kurukwa na akili. Mwili nilisuka kwa waya wa kuku nikaujaza nyasi kavu. Ngozi na mabamba ni tairi zilizopasuka hapa kwetu chini ya mteremko. Miiba ni mabaki ya mbao kwa fundi, nimeyalainisha yasichome mtoto. Mkia niliufanya kwa gunia peke yake, bila tairi, usiwe mzito, halafu nikaupa miiba yangu mizuri kuliko yote. Kwa jumla alikuwa mrefu kama ndama wawili wakifuatana.

Baba Shiro ndiye alikubali kumbeba. Siku ileile ya kufunga shule lori lake lilikuwa linaenda Molo tupu kuchukua viazi. Tatizo lilikuwa Kiprono, turnboi wake, msaidizi wa lori.

"Mimi siketi nyuma na hiyo kitu," Kiprono alisema. "Ikiamka je?"

"Ikiamka iambie tunaenda Molo," Baba Shiro akamjibu. "Kama haitaki viazi, ishuke."

Mama yangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi akitikisa kichwa. "Wasichana wa wenzangu wanaleta wachumba nyumbani. Wangu analeta mamba." Lakini nilipopanda, alinirushia chapati zimefungwa kwa kitambaa, na zilikuwa nyingi kuliko za mtu mmoja.

Longonot

Hatukufika mbali. Pale Longonot injini ilianza kuchemka na Kiprono akaenda kutafuta maji. Kando ya barabara kulikuwa na kina mama wakiuza kabeji na mahindi ya kuchoma. Mmoja wao, mama mnene wa kitambaa cheupe kichwani, aliinua macho, akaona miiba inachungulia juu ya bodi, na mahindi yakamtoka mkononi.

"Joka!" akasema. "Joka la Ufunuo!"

Wenzake wakasimama. Yeye akaja hadi kwenye lori, hakuogopa. "Msichana, hii ni ya kanisa gani?"

"Si ya kanisa, mathe. Ni mnyama wa zamani tu. Anakula majani."

"Hata nyoka wa Edeni alijifanya ni mambo ya tunda tu."

Akaita wenzake, wakashikana mikono kuzunguka lori, wakaomba. Baba Shiro alivua kofia. Maombi yalikuwa marefu mpaka maji ya injini yakapoa bila msaada. Waliombea breki, wakaombea barabara, wakaombea wote walio na roho ya kutengeneza sanamu, na hapo niliona Kiprono akiniangalia kwa jicho moja. Mwishoni yule mama akasema, "Na kama hata hiki kiumbe ni wewe ulikiumba, Baba, basi na kifike salama."

Nikasema amina kubwa kushinda wote. Ndipo nikamweleza habari ya Wambui. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akapanda kwenye gurudumu, na umri wake wote, akafunga macho, akapitisha mkono polepole kutoka puani mwa dinosau hadi kwenye bamba la kwanza la shingo.

"Ana kichwa kidogo sana," akasema bado amefunga macho. "Maskini." Akashuka akatugawia mahindi ya kuchoma, akakataa katakata kulipwa. "Mwambie huyo mtoto, Mama Ruth wa Longonot ameshika kichwa."

Naivasha tulipita vizuri, isipokuwa afisa mmoja wa barabarani alitusimamisha akauliza, "Huyu mnyama ametoka mbuga gani?"

"Mbuga yake ilifungwa zamani sana, afande," Baba Shiro akajibu. Afisa alimwangalia, akamwangalia dinosau, akatoa simu akajipiga picha naye akiwa ameweka uso wa kazi. Akatuambia twende.

Moyoni nilikuwa naimba. Jua lilikuwa bado upande mzuri. Nilishajiona langoni.

Gilgil

Tulikuwa tumeuacha mji wa Gilgil nyuma wakati tairi la nyuma lilipopasuka. Mimi nimelelewa kando ya tairi, sikushtuka. Kilichonishtua ni Kiprono kusema, "Jeki iko wapi?" Jeki na tairi la spea vilikuwa mbele kabisa ndani ya bodi, na juu yake nilikuwa nimemlaza mnyama wangu, kwa sababu niliona huko mtikisiko ni kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu. Ikabidi tumteremshe, tukamsimamisha kando ya lami nyuma ya lori.

Sasa, nyinyi ni watu wa barabara, sina haja ya kuwafundisha. Lori likiharibika, kitu cha kwanza ni matawi. Ile pembetatu nyekundu ya Baba Shiro ilishaibwa, na hata ingekuwepo, nani huiangalia? Lakini ukiona majani mabichi kwenye lami unajua mbele kuna mtu na shida zake. Kiprono akaenda na panga hadi kwenye boma fulani la miti, akaomba, akarudi amekumbatia majani mabichi kweli kweli. Tukayatandika barabarani. Upepo wa Gilgil ukayachukua. Tukayarudisha. Ukayachukua tena.

"Lete hapa," nikamwambia. "Nimvalishe huyu. Nani atakosa kuona dinosau?"

Nikayachomeka matawi kwenye miiba yote, kuanzia kiunoni hadi ncha ya mkia. Jamani, alipendeza! Alikuwa kama ametoka tu msituni kwake kutafuta maji. Baba Shiro alisimama akamtazama akashika kiuno. "Hiyo sasa ndiyo ishara. Hata dereva mlevi atapiga breki, aende akaokoke."

Basi tukamwacha hapo tukarudi kwenye gurudumu. Nati moja ilikuwa imekataa kabisa kufunguka. Tuliweka bomba kwenye spana, Kiprono akaruka juu yake, mimi nikaruka juu yake, mwisho tukaruka wote wawili tumeshikana mabega na Baba Shiro akitushangilia. Nati ikalia, ikaachia. Tukapiga makofi. Na makofi yalipokwisha nikasikia sauti nyingine nyuma yangu, ya kutafuna, ile ya polepole, ya mtu asiye na haraka.

Huko mvua ilikuwa imekataa kunyesha. Nyasi zilibaki rangi ya mkate. Na mimi nilikuwa nimeweka majani mabichi katikati ya nyanda, nimeyainua juu ili yaonekane kutoka mbali. Yalionekana.

Ng'ombe walikuwa wamemzunguka kama wageni kwenye meza ya harusi. Majani yalishaisha. Walikuwa wametoboa gunia, wamefika kwenye nyasi za ndani, na mmoja mweusi, wa pembe moja iliyopinda kuelekea jicho, alikuwa ameushika mkia mdomoni anarudi nao kinyumenyume.

Nikapiga nduru. Ng'ombe wakashtuka, wakakimbia wote kwa pamoja, na mkia ukaenda nao. Yule mweusi aliuburura kidogo, ukamponyoka, na wenzake wakapita juu yake. Nilipofika, miiba yangu mizuri ilikuwa vijiti vya kuwashia moto. Gunia lilikuwa tupu kama soksi. Sehemu kubwa ya mkia ilikuwa tumboni inaenda zake.

Nikakaa chini nikalia. Sikumlilia yeye, yeye alikuwa nyasi na tairi. Nilisikia tu jinsi Wambui angenyoosha mkono kutafuta mkia na mkono ukashika hewa, na yule Brayo akicheka pembeni.

Kijana mmoja wa shuka na gambuti akaja akikimbia na fimbo. "Sister! Pole, sister! Hawajakugonga?" Halafu akaona dinosau amesimama bila mkia, nyasi zinaning'inia nyuma. Alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. "Lakini… hii ni nini walikuwa wanakula?"

"Dinosau," Kiprono akamwambia.

"Dinosau ya nani?"

"Ya huyu analia."

Kicheko kikaisha. Akachuchumaa karibu nami. Alisema anaitwa Lemayian. Nikamweleza kila kitu, huku napenga kamasi kwa kitambaa cha chapati. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Ni ng'ombe yupi alitoa mkia?"

"Mweusi. Wa pembe imepinda."

"Nilijua." Akafunga macho. "Huyo ameshanipeleka kwa chifu mpaka chifu ananijua kwa jina. Amekula mahindi ya watu. Amekula sukuma wiki ya mwalimu. Amekula kofia ya mzee ikiwa kichwani."

Baba Shiro akaja akifuta mikono. "Kijana, wacha tu. Si ni nyasi?"

"Hapana, mzee. Si nyasi, ni mkia." Lemayian akasimama. "Kwetu ng'ombe akiingia kwa mali ya mtu, huondoki mpaka mmeelewana. Na unalipa kile alikula. Ng'ombe amekula mkia, ng'ombe atalipa mkia."

Tulidhani ni maneno. Akapiga simu, ndugu yake mdogo akaja kuchunga mifugo, na tulipomaliza tairi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupanda lori. Aliketi nyuma na dinosau, amemshika mahali palipokatika kama mtu anayeziba jeraha. Kiprono akaona aibu, naye akaenda kuketi nyuma.

Kikopey

Mnaijua Kikopey, hata ukipita umefumba macho pua itakuambia. Dada yake Lemayian, Mama Naserian, ana kibanda chake cha nyama choma hapo. Waliongea Kimaasai, mimi nikaambulia neno moja tu, dinosau, likirudi mara kwa mara, na kila likirudi Mama Naserian alijishika mbavu. Mwisho akaja akanishika bega.

"Pole, mdogo wangu. Njoo uchague mkia."

Nyuma ya kibanda kulikuwa na lundo la pembe na ngozi zilizokauka. Akatoa ngozi ya ndama, nyeusi na nyeupe, laini, alikuwa ameiweka ya kukalia. Tukaikunja ikawa mrija, nene huku na nyembamba kule, tukaishona kwa kamba ya ngozi, tukaijaza nyasi. Pembe Lemayian alizitoboa kwa chuma kilichopashwa kwenye moto wa nyama, na moshi wake ulinuka vibaya mpaka wateja wakalalamika. Halafu wakaja kuona kinachonuka. Halafu hawakurudi kula.

"Pembe ziangalie juu," mmoja akasema, bado na mfupa mkononi.

"Juu anapigana na ndege? Ziangalie nyuma. Adui wa mla majani hutoka nyuma."

"Pembeni! Akizungusha mkia hivi, waa, simba amekwenda."

"Wakati huo kulikuwa na simba?"

"Kulikuwa na baba ya simba!"

Nikatoa lile gazeti la Bwana Hemedi, wote wakainama. Limechanika palepale. Bwana mmoja wa koti akatoa simu kubwa akatafuta, akapata picha, akapata nyingine, na nyingine. Kila moja miiba imepangwa kivyake.

"Kumbe hata wao wanakisia," Mama Naserian akasema. Akachukua waya. "Basi na sisi tukisie."

Tukazielekeza nyuma, zimepanuka kidogo pembeni, ili wote waone wameshinda. Ncha tulizisugua kwenye jiwe hadi zikawa butu. Mimi nilikuwa na haraka, jua lilishaanza kuegemea upande mwingine, lakini Mama Naserian akaweka sahani mbele yangu, mbavu, ugali na kachumbari. "Kula. Mwenye njaa hufunga waya mbaya." Nikala. Sijawahi kula nyama tamu hivyo nikiwa na huzuni hivyo. Alifunga mbavu nyingine kwa karatasi, za Wambui.

Lemayian hakuendelea na sisi, alikuwa na ng'ombe wake wa kurudia. Alipiga pembe ya mwisho kofi kidogo. "Mwambie mtoto, hii ni ya mama ya yule mweusi. Tulimleta hapa wakati wa kiangazi kile kingine. Kwa hivyo deni limelipwa na familia."

Nakuru hadi Bahati

Mpango wetu na Baba Shiro ulikuwa anishushe Nakuru penye njia panda ya barabara ya Nyahururu, mimi nitafute mkokoteni wa punda, yeye aende zake Molo. Tulipokaribia, nikiwa nimeketi mbele kati yake na Kiprono, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Njia panda ikafika. Lori halikusimama, likakata kona kuelekea Bahati.

"Baba Shiro, si tulisema unishushe pale?"

"Nyamaza kidogo, nasikiliza injini."

Tukapanda mlima. Baadaye akasema, kama anaongea na usukani, "Viazi havina miguu. Vitaningoja."

Lakini magari yaliyokuwa yanateremka ndiyo yalinikata maini. Kila gari lilikuwa na sanduku la bati juu na godoro limekunjwa. Watoto wa shule wanaenda nyumbani. Kila sanduku lililopita nilijiuliza, huyo ni wa shule yetu? Huyo naye? Kiprono aliona uso wangu, akaacha kunitania.

Langoni hapakuwa na gari hata moja likiingia. Bawabu akaja taratibu, akanitazama, akainua macho juu ya bodi.

"Wewe ndiye Tata?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo ile kitu?"

"Ndiyo."

Akageuka akapaza sauti kuelekea ndani, sauti ya mtu aliyechoka kungoja: "Imekuja!"

Kwenye baraza la darasa walikuwa wamejaa. Watoto wamekaa juu ya masanduku, wazazi wamesimama, wengine wamekaa kwenye nyasi wanagawana ndizi na manung'uniko. Mwalimu wao akanieleza akijaribu kutocheka. Brayo alikuwa amekataa kwenda nyumbani. Alimwambia babake kwamba akiondoka, Wambui atadai dinosau alikuja baada ya yeye kuondoka, na hakuna atakayejua ukweli. Lazima akae mpaka ithibitike kwamba hakuna kitu. Wenzake wakasema kama Brayo anabaki na wao wanabaki. Kwa hivyo aliyekuwa akimwita Wambui muongo ndiye alimwekea watu. Mimi Mungu nilimshukuru palepale, na nikamshukuru pia kwa kuumba watoto wabishi.

Wambui alikuwa juu ya sanduku lake, amekaa wima, mikono kati ya magoti.

"Tata?"

"Ni mimi."

"Uko peke yako?"

"Hapana."

Tukamteremsha mnyama, tukamsimamisha kwenye nyasi. Wambui akashika kiwiko changu. "Nipeleke kwa mkia." Njia nzima kutoka Kikopey nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kwanza, lakini vidole vyake vilifika kabla ya maneno. Akashika pembe. Akafuata pembe hadi kwenye ngozi. Akasimama. Akanusa vidole.

"Tata," akasema polepole. "Hii ni ng'ombe."

"Niliwaambia!" Kijana mwembamba wa sweta iliyotoboka kiwiko aliruka kutoka kwenye sanduku. "Niliwaambia! Mmeahidiwa dinosau mmeletewa ng'ombe!"

Baraza zima likacheka. Hata wazazi. Nikaona shingo ya Wambui inaingia kwenye mabega, na nikaanza kuongea tu. Nikawaambia tairi lilivyopasuka. Nati. Matawi niliyomvalisha ili madereva wamwone. Sauti ya kutafuna. Nilipofika kwa yule mweusi, aliyewahi kula kofia ya mzee, anarudi kinyumenyume na mkia mdomoni, kicheko kilikuwa kimeisha.

"Aliumeza?" msichana mmoja akauliza.

"Karibu wote."

"Na akala na kofia?"

"Hiyo ilikuwa siku nyingine."

Nikawaambia ya Lemayian na deni lake, na Mama Naserian, na watu wote wa Kikopey waliogombana juu ya pembe nyama ikiungua. Wambui akainua kichwa.

"Si uliniambia hata yule wa Lindi hawakumpata mzima? Si waliunga, wa huyu na wa yule?"

"Ndiyo, nilikuambia."

Akamtafuta Brayo kwa sauti yake ya kupumua, akampata, akamshika kifundo cha mkono, akamleta hadi pale ngozi inapokutana na gunia la zamani. Pale nilikuwa sijapashona vizuri, muda ulikuwa umeisha. "Shika hapa," akamwambia. "Meno."

Brayo akashika. Alishika kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, gunia lilivyotafunwa, nyasi zilizokatwa, mate yaliyokauka. Akaenda mbele, kwenye miiba ya mbao iliyobaki, kwenye mabamba, kwenye mbavu za waya za tumboni, hadi kwenye kile kichwa kidogo ambacho Mama Ruth alikihurumia. Akarudi tena hadi kwenye meno. Babake alikuwa ameshikilia sanduku mkononi, amesahau kuliweka chini.

"Haya," Brayo akasema hatimaye, na sikuwahi kumwona mtu akishindwa kwa heshima hivyo. "Basi ni wa kweli. Ng'ombe hawezi kula uongo."

Baada ya hapo sikumwona tena dinosau wangu, kwa sababu alifunikwa na mikono.

Kurudi

Alibaki shuleni, chini ya baraza. Nasikia Brayo amejiteua mwenyewe kumlinda dhidi ya mbuzi wa jirani shule ikifunguliwa. Sisi tulirudi na Baba Shiro siku iliyofuata, alipotupitia akitoka Molo, lori limejaa viazi hadi juu, Wambui kando yangu anatafuna ule ubavu wa Kikopey uliokuwa baridi na kusema ni mtamu sana. Kiprono alimpa kiti cha dirishani bila kuombwa.

"Tukifika mahali penyewe mniambie," akasema.

Tulipokaribia Gilgil nikamwambia. Baba Shiro akapunguza mwendo, magari nyuma yakapiga honi, hakujali. Wambui akatoa kichwa dirishani, upepo ukampiga usoni, akapaza sauti kwa nguvu zake zote kuelekea nyandani:

"Asante!"

Mimi niliangalia kila upande, nikaona nyasi kavu tu hadi mlimani. Lakini yeye alirudi ndani anacheka, akajifuta vumbi, akaniambia amesikia mmoja akijibu.